Kremani Haitaki Kelele

Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana, Mjomba aliimwagia chupa ya shampeni maji ya moto ya kunyonyolea kuku, na chupa ikapasuka. Hapo ndipo yote yalipoanza.

Ilikuwa siku ya send-off ya Dada Upendo, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Turubai lilishafungwa uwanjani, viti vimepangwa, na wakwe walikuwa njiani kutoka Singida mjini. Mjomba ndiye alikuwa kamati ya vinywaji. Shampeni mbili alikabidhiwa Alhamisi, akaona azilaze kwenye friza ya bucha ili zipoe vizuri. Zikalala humo siku mbili katikati ya mbavu za ng'ombe. Moja ilipasuka yenyewe. Ya pili ilitoka imekuwa jiwe, na Mjomba, badala ya kuiacha, akaona sufuria la kuku liko jirani.

"Nilitaka kuiamsha tu," alisema.

Mama alinigeukia mimi. "Nenda kwa Mwalimu."

"Mama, jamani."

"Nenda kwa Mwalimu, mwambie naomba ile chupa. Mwambie ni mimi naomba. Watu watafika hapa hakuna cha kufungua, MC atafungua nini? Soda?"

Sikutaka kwenda. Mimi hata darasani nikijua jibu nainamisha kichwa. Na Mwalimu ni mtu ambaye ukimwomba chumvi anakuuliza kwanza unapika nini.

Mwalimu ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, tangu sijaanza shule. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa kwenye sekondari ambazo wanafunzi wa Kifaransa hawakuwahi kujaza benchi mbili. Amestaafu, lakini mtaa mzima wa Iguguno umekuwa darasa lake. Ukipita na ndoo kichwani anakusahihisha unavyotembea. Muuza vitunguu akipanga mafungu, anamwambia vikubwa vikae chini, visidanganye watu. Mama anasema Mwalimu angekufa kwa raha kama angepewa kalamu nyekundu na barabara yote kuu ya kusahihisha.

Zamani sana, akiwa kijana, alipelekwa Ufaransa kwa masomo mafupi. Alikaa mashariki ya nchi hiyo, sehemu inayoitwa Alsace, kwenye nyumba ya mkulima wa zabibu. Alikaa huko kipindi kifupi tu, lakini mazungumzo yake hayajawahi kutoka huko. Kila kitu hapa kwetu kinapimwa kwa Alsace. Upepo wa Singida ni mkali kuliko wa Alsace. Viazi vya Alsace havina udongo. Mbwa wa Alsace habweki bila sababu. Siku moja Bibi yangu alimuuliza, "Sasa na wewe ulirudi kufanya nini?" Akaenda kwake, na kesho yake alirudi na jibu refu ambalo Bibi alilisinzia.

Lakini kitu chenyewe hasa ni kremani, divai ya huko yenye gesi. Kwenye karatasi ya chupa imeandikwa Crémant d'Alsace. Usiiite shampeni mbele yake. Mjomba aliwahi kufanya kosa hilo kwenye ubatizo, na Mwalimu akamsimamisha mlangoni na sahani ya pilau mkononi.

"Shampeni inatoka mkoa mmoja tu, unaitwa Champagne. Hii inatoka mkoa mwingine. Wewe Mnyiramba nikikuita Mgogo utafurahi?"

"Mimi nikishiba nafurahi, Mwalimu, hata uniite Mmasai," Mjomba alisema, na pilau likaendelea kupoa.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kujifunza. Sikuomba. Nilikuwa darasa la sita, nilipeleka mboga za Mama kwake, akaniona naweka bakuli mezani bila mlio hata kidogo. Akasema, "Una mikono isiyo na haraka na mdomo uliofungwa. Kaa hapo." Tangu siku hiyo ananiita Mamzeli, yaani binti kwa Kifaransa chake, na mimi nimekaa hapo miaka.

Kwa hiyo najua mambo ambayo msichana wa kidato cha tatu wilayani kwetu Mkalama hana pa kuyapeleka. Najua kwamba zabibu za kremani huvunwa kwa mkono, kabla ya zile za divai nyingine, zikiwa bado na ukali, na hubebwa zikiwa na vikonyo vyake ili zisipondeke njiani. Najua kwamba nyingi ni Pinot Blanc, ambayo ni laini na haigombani na mtu. Kwamba Riesling inaingizwa kidogo ili iume ulimi. Kwamba Pinot Noir ni nyeusi lakini juisi yake nyeupe, na ukiiacha ilale kidogo na maganda unapata kremani ya rangi ya waridi. Kuna nyingine inaitwa Auxerrois ambayo hadi leo nikiitamka Mwalimu anafumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Najua pia inavyotengenezwa. Divai inakuwa divai ya kawaida kwanza. Halafu inaingizwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari kidogo, inafungwa kizibo cha bati kama cha soda, inalazwa. Humo ndani hamira inakula ile sukari na kutoa gesi, na gesi haina pa kwenda, basi inaingia kwenye divai yenyewe na kutulia. Inalala hivyo miezi tisa au zaidi. "Kama mimba," alisema Mwalimu, kisha akaona aibu, akasema, "Kama mwaka wa masomo." Baadaye chupa inainamishwa pole pole mpaka uchafu wa hamira unakaa shingoni, shingo inagandishwa, uchafu unaruka nje, na ndipo inapigwa kizibo cha gome la mti na kufungwa waya.

Bibi alipoelezwa hayo alisema, "Ni kama pombe yetu ya mtama tu, ila nyinyi mna haraka ya kufunga mfuniko."

Mwalimu hakuongea naye wiki nzima.

Aliwahi kujaribu kuitengeneza. Alitoka Dodoma na zabibu alizonunua dirishani mwa basi, amezipakata mapajani safari yote kama mtoto mchanga. Akazikamua, akazichachusha, akaziingiza kwenye chupa za soda, akaongeza sukari, akazifunga vizibo na kuzipanga stoo. Ulikuwa msimu wa joto. Mchana mmoja, Bibi yuko uwanjani kwetu anasali rozari, tukasikia pa! Halafu pa! Halafu zote kwa pamoja. Kuku waliruka ukuta. Mgambo alikuja mbio na fimbo akijua ni majambazi. Tukamkuta Mwalimu amesimama mlangoni mwa stoo, maji ya zambarau yanamchuruzika kwenye miwani, kipande cha ganda la zabibu kimekaa sikioni.

"Sukari ilizidi," alisema. Hajawahi kuongeza neno lingine juu ya jambo hilo. Mama akilikumbusha, anageuka kuwa kiziwi.

Nimemaliza likizo ngapi nikijifunza kufungua chupa! Alikuwa ananunua mjini zile juisi za tofaa zenye gesi, zinazofungwa kwa waya kama shampeni. Mhindi mwenye duka alimtania, "Mwalimu, hii ya watoto, wewe leo unafanya birthday?" Akizileta, ananikalisha. Ondoa karatasi. Legeza waya lakini usiutoe, na kidole gumba kisiondoke juu ya kizibo hata ukiitwa na mama yako. Inamisha chupa. Shika kizibo kwa nguvu, halafu zungusha chupa, sio kizibo. Kizibo kikitaka kuruka, kizuie, kitoke kwa ruhusa yako.

"Isilie. Ishushe pumzi. Kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua viatu."

Ikilia pa, hata kidogo, tunasubiri likizo ijayo.

Na kumimina: glasi inainamishwa, inajazwa kidogo, povu linatulia, inaongezwa. Isijae. Unashika mguu wa glasi, sio tumbo, maana mkono unaipasha moto. Anazo glasi mbili tu, ndefu, nyembamba, za kutoka huko huko. Kwanza unaangalia: vipovu vidogo vidogo vinavyopanda kwa mstari ni dalili nzuri, vikubwa kama vya sabuni ni dalili mbaya. Halafu unanusa. Halafu ndiyo unakunywa, kidogo, na unakaa kimya. Inaendana na kuku. Kuku wa kwetu, aliyekaangwa kwa mafuta ya alizeti, na chumvi. Keki hapana. Watu wanaolishana keki halafu wanashushia kremani, alisema, wangefaa kushtakiwa.

Na mimi hajawahi kunionjesha. "Wewe bado. Kazi yako ni kusikia." Yaani nimekuwa mtaalamu wa kinywaji ambacho sijawahi kukionja. Ningekuwa na mdomo wa Mjomba ningemwambia.

Ubaridi ndio usiseme. Friji hana. Ana gunia. Analilowesha maji ya mtungi, anaifunga chupa humo, anaitundika kivulini upande wa upepo, na kila gunia likianza kukauka analilowesha tena. Upepo wetu huu anaoulaumu kila siku ndio unaomfanyia kazi. Iwe baridi ya kuumiza vidole kidogo, sio ya kuua. Hajawahi kuisifu Singida kwa hilo.

Sasa niseme kinachonichosha kuliko yote. Mtu huyu anachukia kelele lakini redio yake inasikika hadi kituo cha mabasi. Anatufundisha upole lakini akijikwaa anatukana kwa Kinyiramba mpaka Bibi anajifunika kanga. Na miaka yote hii ananiambia: kremani ni ya watu wa kawaida. Mkulima wa kule anaifungua Jumapili kwa sababu tu ni Jumapili. Haisubiri sababu. Na haitunzwi, sio kama divai za matajiri, inunuliwe inywewe, ikikaa sana inachoka.

Huku yake, ile moja tu, iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye shuka, miaka nenda miaka rudi.

Kila mtu anajua kwa nini. Binti yake yuko Mwanza. Alifunga ndoa ofisini kwa mkuu wa wilaya, bila mshenga, bila mtu kuja kubisha hodi kwa baba. Mwalimu akasema chupa itafunguliwa siku binti atakapomleta huyo mwanaume amwamkie. Binti hakuja. Mwalimu hapigi simu. Binti hapigi simu. Mama aliwahi kumwambia, "Mwalimu, si umpigie wewe?" Akajibu, "Mkubwa haanzi." Nikiwa kidato cha kwanza nilipata ujasiri, sijui ulitoka wapi, nikamuuliza, "Mwalimu, si ulisema haisubiri sababu? Yako inasubiri nini?" Akasema nimeshika mguu wa glasi vibaya.

Basi huyo ndiye niliyetumwa kumwomba chupa hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mamzeli. Nimesikia mlio. Ni nini kile?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye maji ya kuku alikaa chini.

"Ya moto?"

"Ya moto."

"Mungu wangu." Akavua miwani. "Na Mama Upendo anataka yangu."

"Anaomba. Amesema nikuambie ni yeye anaomba."

"Hapana."

Sikujua kubembeleza, kwa hiyo nilibaki tu nimesimama. Nje tulimsikia Mama anamfokea Mjomba. Halafu tukamsikia Dada Upendo, analia, anasema bora wakwe wasije kabisa. Upendo ndiye aliyempikia Mwalimu uji alipougua malaria, asubuhi na jioni, mpaka akaanza kumsahihisha uji ndipo tukajua amepona.

Mwalimu aliinama kwa shida, akaivuta shuka.

"Kwa masharti. Haitikiswi. Hachezi nayo mtu. Hakuna muziki, hakuna kuhesabu moja mbili tatu. Na utafungua wewe."

"Mwalimu, siwezi. Mbele za watu siwezi."

"Basi irudi chini ya kitanda."

Nilitaka kulia. Ningemwambia tafadhali, yafungue wewe mambo yako, mikono unayo. Lakini mikono yake siku hizi inatetemeka, sote tunaona na hakuna anayesema. Nikalowesha gunia.

Saa kumi na moja jioni MC alishika kipaza sauti. Wakwe walikuwa wameshakaa upande wa kulia, baba mkwe katikati, mtu mnene mwenye koti. Mama alikuwa amemweleza MC masharti yote, na MC hakuamini.

"Mabibi na mabwana, leo tunafungua kinywaji bila muziki! Nimeambiwa tunyamaze! Mwalimu, hii ni send-off au ni msiba?"

Watu wakacheka. Mwalimu alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na kamba ya turubai. Hakucheka.

"Basi tusimame tumwombee marehemu chupa," alisema MC, na wakacheka tena, nami nikapita katikati yao nikiwa nimeikumbatia. Dada Upendo alinitazama kwa macho ya kuniomba nisimwaibishe. Mjomba alininong'oneza, "Itikise kidogo tu, mtoto, watu wafurahi." Nikampita.

Niliondoa karatasi. Nikalegeza waya. Kidole gumba hakikuondoka. Kizibo kilikuwa kimekauka, kimeng'ang'ania, na kwa muda nilidhani nitasimama pale mpaka wakwe wazeeke. Nikazungusha chupa. Nikazungusha tena. Turubai lote lilikuwa kimya, upepo tu unapiga kamba. Halafu kikaja, pole pole, mkononi mwangu, na kikatoa kipumzi kidogo sana.

Wakaendelea kusubiri.

"Bado?" MC aliuliza.

"Tayari," nilisema, na hakuna aliyenisikia.

"Amesema nini?"

"Amesema tayari!" Mama alipaza sauti.

"Mbona haijalia?" mtu wa upande wa wakwe akauliza. "Imekufa hiyo!" Kicheko kikaenda mpaka nyuma. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Lakini nilifanya nilichofundishwa: nikainamisha glasi, nikamimina kidogo, nikasubiri, nikaongeza. Rangi ilikuwa imeiva kama asali ya Itigi. Vipovu vilikuwepo. Vichache, vidogo, vinapanda kwa mstari mmoja kama vinahesabu ngazi.

Nikampelekea baba mkwe kwa magoti. Akaishika glasi kwenye tumbo. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema, "Mguuni, baba." Akabadilisha mkono. Akanusa, akanywa. Kila mtu alikuwa anamwangalia.

"Hii," alisema, "inanukia mkate. Na asali." Akanywa tena. "Mmeitoa wapi? Shampeni zetu mjini zinanukia pipi tu."

"Sio shampeni," sauti ilisema kutoka nyuma.

Upande wa wakwe ndio ulioanza kupiga makofi. Dada Upendo akapumua. MC akafungulia muziki wake kwa nguvu zote kama mtu aliyefungwa mdomo siku nzima, na Mama akaleta kuku. Keki, bahati nzuri, ilikuwa bado jikoni.

Nilipeleka glasi ya pili kwa Mwalimu. Aliiinua akaitazama kwenye mwanga wa jioni. Akanusa. Akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni, akameza.

"Imechoka," alisema.

"Baba mkwe ameipenda."

"Yeye hajui ilivyokuwa." Akaiweka glasi juu ya goti. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Pumzi kubwa au ndogo?"

Ningeweza kusema kubwa. "Ndogo, Mwalimu. Ndogo sana."

Akatikisa kichwa taratibu. Akanywa iliyobaki yote. Mwisho akanirudishia glasi, akiwa ameishika mguuni.

"Mamzeli, basi la Mwanza linapita saa ngapi asubuhi?"

"Yapo mengi, Mwalimu. Kuanzia saa mbili."

"Naenda kuangalia ziwa tu. Sijaliona siku nyingi."

Asubuhi ya Jumapili nilimbebea begi mpaka kituoni. Lilikuwa jepesi, na ndani yake, nilipolipapasa, kulikuwa na vitu viwili vimefungwa kwenye taulo, virefu, vyembamba. Nikamuuliza atanunua kremani wapi Mwanza. Akasema huko hakuna, kuna takataka zenye sukari, lakini atavumilia. Ziwa, alisema tena, anaenda kuangalia ziwa.

Basi la kwanza likaja. Mwalimu akainua kidole kimoja, taratibu, kama anamwita mhudumu wa hoteli. Likapita. La pili likaja, akanyoosha kola yake, akainua kidole. Likapita na vumbi lake. Nikamwangalia. Alikuwa ameshaanza kugeuka. "Labda Jumapili ijayo," alisema.

La tatu lilikuwa linashuka mteremko kwa kasi. Nikaweka begi chini, nikaingia barabarani mpaka kwenye mstari mweupe, nikainua mikono yote miwili.

"Simamaaa! Mwanzaaa! Kuna mtu hapaaa! Simamaaaa!"

Wauza vitunguu wote waligeuka. Basi lilifunga breki, likateleza, likasimama mbele kidogo, na konda akatoa kichwa dirishani.

Mwalimu alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Mamzeli! Kelele zote hizo za nini?"

Nikamsukumia begi mikononi, nikampeleka mpaka mlangoni kwa kumshika mgongo, konda akamvuta ndani. Nikarudi nyumbani kusaidia kukunja turubai. Koo liliniuma mpaka jioni.